Moyo Uliokataa Kulazwa

Kochi la Fundi Kaza halibonyei. Ukilikalia, unayebonyea ni wewe.

Hilo lilijulikana mtaa mzima, na lilikuwa na wateja wake. Wenye wageni wasiojua kuaga waliyapenda sana makochi yale: mgeni anakaa, anajisogeza, anajisogeza tena, kisha anakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni kwake. Ofisi moja ya umma iliagiza viti vyote vya chumba cha kungojea, na inasemekana tangu viwekwe, watu wengi hugundua hawana shida tena. Wasomi wangepata maneno marefu ya kulieleza jambo hilo. Kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alilieleza kwa mafupi: "Hayo si makochi. Ni adhabu iliyovishwa kitambaa."

Na chanzo cha yote kilikuwa herufi moja.

Alipofungua karakana, kwenye safu ya vyumba vya mabati nyuma ya kituo cha mafuta, fundi alimwagiza mchora vibao amwandikie maneno mawili matamu ya kumvuta mtu aliyechoka: LAZA MGONGO. Mchora vibao alikuwa hodari wa herufi lakini si wa kusikiliza, na siku ile alikuwa na brashi mkononi na ugomvi wa nyumbani kichwani. Kibao kikarudi kimeandikwa kwa rangi nyekundu inayong'aa: KAZA MGONGO.

Mwingine angekirudisha. Yeye alikitazama, akakipiga msumari juu ya mlango, akasema msumari wake hautoki. Watu wakaanza kumwita Kaza. Kwa kawaida jina humfuata mtu. Huyu alilifuata jina.

Chini ya kila kochi, mahali ambapo mkaaji hapaoni, pana mikanda mipana iliyosukwa kama ukili. Unaupigilia mkanda upande mmoja wa fremu, unauvuta mpaka upande wa pili, unapigilia tena. Kochi zima limelala juu ya mvuto ule. Mafundi wengine huvuta mpaka mkanda uimbe. Kaza alivuta mpaka mkanda uombe. Juu yake akashindilia magunia, sufi na sponji, akapiga kwa ngumi, akashindilia tena, mpaka kochi likavimba kama mtu aliyekasirika, na nafasi iliyobaki ya makalio ya binadamu ikawa kama ya kuomba kwa hisani.

Hakuvuta peke yake. Alikuwa na binti wa pekee, mtu mzima sasa, mwenye mikono ya baba yake na ulimi wa mama yake. Binti alikuwa ananing'inia kwenye mkanda kwa uzito wake wote, miguu imekita kwenye fremu, huku baba akipigilia.

"Kaza, mwanangu!"

"Nimekaza, baba."

"Hujakaza, umeshikilia tu. Bana pumzi!"

Binti anabana pumzi, mishipa ya shingo inamtoka, nyundo inalia. Ndivyo walivyopendana. Karakana ile siku moja ingekuwa yake, na kila mtu kwenye safu ya mabati alilijua hilo bila kuambiwa.

Mchana mmoja, jua likiwa limejilaza juu ya mabati kama paka mwenye nyumba, Kaza alikuwa anaumalizia mkanda wa mwisho wa kochi refu. Alivuta. Na katikati ya kuvuta, dunia ikalegea. Misumari ndani ya kopo ikageuka vidagaa vya fedha vinavyozunguka taratibu. Sufi ikapanda juu kama mawingu yanayojua yanakokwenda. Nyundo ya mbali ikawa inapigwa chini ya maji. Akajisemea, kwa utulivu mkubwa kabisa, "Kumbe kulegea ndiko huku," akaanguka.

Aliangukia kochi lake mwenyewe. Kinyozi huapa mpaka leo kwamba anguko halikumwumiza. Kochi ndilo nusura limvunje ubavu.

Mkewe, mshona foronya aliyekuwa na cherehani yake nyumbani, hakungoja ushauri wa mtu. Alimfikisha hospitali akiwa amemshika mkono wa shati kama mtoto aliyeiba sukari. "Ndani nitaingia peke yangu," Kaza akasema. "Mimi si mgonjwa, nimekuja kusalimia."

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na sauti ya mtu anayesoma hadithi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Vua shati, lala ubavu wa kushoto."

Chumba kilikuwa na giza na ubaridi mwanana. Alimpaka kifuani uteute wa baridi, akamgusisha kifaa kidogo kilichofungwa waya, na kwenye kioo pembeni kikatokea kitu cha kijivu kinachofunguka na kufumba, kinafunguka na kufumba. Kaza alikitazama kwa mashaka. Alikuwa hajawahi kulala mchana tangu utotoni. Lakini giza lile, na sauti ile, na kile kitanda ambacho, aibu iliyoje, kilikuwa laini. Macho yakamzidi nguvu.

Akajikuta amesimama kwenye korido ndefu ndani ya kifua chake.

Ilikuwa karakana. Alijua mara moja ni karakana, kwa sababu kulikuwa na mvuto hewani. Kamba nyembamba zilipita kwa safu kutoka ukuta hadi ukuta, mbali hadi macho yanachoka, na katikati ya kamba kulikuwa na magogo marefu, na juu ya magogo, wafanyakazi wadogo wasiohesabika. Kila mmoja alikuwa na vichwa viwili, na kila kichwa kilikuwa na maoni yake, kama kamati. Hawakuwa na mikono. Walivuta kwa vichwa.

Juu ya kila kamba alilala bawabu mrefu mwembamba, ameziba kwa mwili wake sehemu zote za kushikia. Kimya. Kisha, kutoka kwenye makabati ya ukutani, wakamwagika wajumbe weupe, weupe wa chokaa, wanakimbia bila kelele kama unga unaomwagika. Wakamgusa bawabu begani. Bawabu akajigeuza upande, kivivu, na vichwa vyote vikaiinamia kamba kwa pamoja.

"Shikamooo!" vikasema, vikashika, vikavuta. Korido nzima ikajikunja kama ngumi.

Wajumbe weupe wakarudishwa makabatini, mmoja mmoja, na kulikuwa na watu wa kuwasukuma maana hawakupenda kurudi. Kila mvutaji akaletewa kikombe kidogo cha kitu cha moto. Alipokunywa, akaachia kamba.

"Marahabaaa," wakapumua wote, na korido ikafunguka, na kutoka mahali pasipoonekana ukasikika mto wa damu ukiingia.

Shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba. Kaza akagundua kwamba wimbo huo ameusikia maisha yake yote, usiku akiwa ameegemeza sikio kwenye mto.

"Samahani," akamwuliza mvutaji wa karibu. "Mbona mnakunywa wakati wa kuachia? Kwangu, chai ni ya wakati wa kukaza."

Vichwa viwili vikatazamana. "Mzee," kimoja kikasema, "kushika ni tabia. Kuachia ndiyo kazi."

"Na chai ikiisha?"

"Ikiisha hatuachii tena," kikasema cha pili. "Hujawahi kuona maiti ilivyokakamaa? Hao ni ndugu zetu. Wanangoja kikombe."

Alitembea mbele. Juu ya magogo kulikuwa na mikeka midogo imetandikwa, mingi, mikeka ya wale wa zamu ya kulala. Mingi ilikuwa tupu. Wenye mikeka walikuwa wamesimama, macho mekundu, wanavuta na wao, wanavuta hata pasipo zamu yao, na vikombe havikuwatosha, na marahaba zao zilichelewa, nyingine hazikutoka kabisa. Kuta zilikuwa nene. Zilivimba kwa kujazwa, nyuzi zimepishana ovyo kama sufi iliyoshindiliwa kwa ngumi, na chumba cha katikati, kile cha mto kuingia, kilikuwa kimebana. Mto uliingia kwa ubavu, unajisogeza, unajisogeza tena, kama mgeni.

Juu ya mlango kilining'inia kibao chekundu: KAZA.

"Hata huku wananijua!" akawaza, moyo ukamjaa fahari, au ungemjaa kama ungekuwa na nafasi.

Sauti ya daktari ilikuwa inashuka kutoka juu kama mvua nyembamba. "...moyo wako umekuwa mkubwa, mzee. Huu ukuta hapa, umenenepa. Ndani ya misuli kuna wavutaji wadogo mno, na wako wanavuta hata wakati wa kupumzika... Hali hii hurithiwa. Una watoto?"

"Binti mmoja," Kaza akajibu kutoka usingizini.

"Aje naye tumpime. Lakini usiwe na hofu, hawa siku hizi tuna dawa zao. Tutawalaza."

Kaza akafumbua macho.

Tutawalaza.

Baba yake alikuwa mbeba mizigo, mtu wa kuinua makabati peke yake. Siku moja alizimia njiani, wakampeleka hospitali, akaingia akitembea na akitania wauguzi. "Wamemlaza," mama alisema aliporudi nyumbani. Kwa mtoto aliyekuwa anasikiliza mlangoni, hilo lilikuwa neno la mwisho kuhusu baba akiwa hai. Walimlaza, hakuamka. Na sasa mtoto huyo, mvi kichwani na uteute kifuani, alikuwa anaambiwa kwa sauti ya hadithi kwamba watalazwa wote wawili, yeye na binti yake.

"Choo kiko wapi?" akauliza.

"Kulia, mwisho wa korido."

Alikwenda kushoto.

Mkewe alikuwa anangoja kwenye benchi la chuma. Akaona mume anatoka mbio amevaa shati kinyume.

"Amesemaje?"

Kaza akafikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri. "Amesema nina moyo mkubwa."

Wala hakusema uongo, na huo ndio uongo mgumu kuliko wote kuukamata. Mkewe alimwangalia kitambo. Kisha bega moja likaanza kumtikisika, halafu la pili, mpaka akalazimika kushika ukuta.

"Wewe! Wewe uliyeninyima mto wangu mwenyewe kwa kuwa unafundisha shingo uvivu! Moyo mkubwa!"

"Mashine imeona."

"Mashine hiyo ipelekwe hospitali."

Habari ilifika kwenye safu ya mabati kabla yao. Kinyozi alikuwa anamngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Wamekupima wewe, jirani, au wamekuchanganya na wa nyuma yako kwenye foleni?"

"Mimi."

"Moyo mkubwa?"

"Mkubwa mpaka daktari kashangaa."

"Alhamdulillahi. Basi kwa ukubwa huo, nirudishie ngazi yangu."

Ngazi ile ilikuwa imeegemea ukuta wa ndani wa karakana muda mrefu kiasi kwamba buibui walikuwa wanairithishana. Kaza hakuwa mwizi. Alikuwa hawezi tu kuachia. Kochi likishatengenezwa, alilikawiza: akagongagonga, akakaza tena, mteja akaja na kurudi mpaka akasahau alikuwa na kochi. Vitu viliingia kwake kama vinavyoingia ndotoni, bila mlango wa kutokea.

Wiki ile mtaa ulifurahi sana. Watu waliomba misaada ambayo hawakuihitaji, kwa ajili ya kumwona akihangaika. "Mwenye moyo mkubwa, hujambo?" "Mwenye moyo mkubwa, nikopeshe kivuli." Kaza alicheka nao. Ilimfaa. Ndani ya kicheko alificha lile neno, akalishindilia, akalifunika kitambaa.

Lakini binti alikuwa mbele yake kila siku, ameushika mkanda, ameshabana pumzi.

"Achana na hiyo," akamwambia asubuhi moja. "Tangu leo hushiki mkanda."

"Nani atashika?"

"Mimi."

"Na mimi nifanye nini?"

Akatafuta neno. "Nenda kwa mama yako. Foronya nazo ni kazi."

Binti aliuachia mkanda taratibu, kama mtu anayeweka kikombe chini ili asikitupe. "Baba, mikono yangu imekuwa ya kike tangu lini? Ulipokuwa unaiita 'winchi' mbele ya wateja ilikuwa ya nani?"

"Nimesema."

"Umesema nini? Kama umempata mwingine wa kurithi karakana, mtaje. Nitamsalimia."

Binti alifuta mikono yake kwa kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya meza alipokuwa anakiweka siku zote, akatoka. Kaza akavuta peke yake. Vidagaa vya fedha vikarudi, vikawa vinaogelea pembeni mwa macho yake, na kifuani mwake wavutaji wenye macho mekundu wakawa wanaitana shikamoo, shikamoo, shikamoo, na hakuna aliyekuwa anaitikia.

Nyumbani, chakula kililiwa kimya. Mkewe alimwangalia mume, akamwangalia binti, akasema hakuna nyumba yenye moyo mkubwa iliyo finyu kama hii.

Kisha ikaja siku Kaza alipokwenda kununua misumari. Duka la kwanza halikuwa nayo, la pili lilikuwa na foleni, na aliporudi alisikia kutoka mbali mlio aliokuwa anaujua kuliko sauti yake. Mkanda unaomba.

Binti alikuwa ndani. Aliingia kwa ukaidi tu, kuthibitisha. Ameukita mguu kwenye fremu, ameurudisha mwili wote nyuma, mkanda mmoja mkononi na nyundo mkono wa pili, anafanya kazi ya watu wawili. Kichwa kimeinamia kifuani. Pumzi imebanwa. Mishipa ya shingo imesimama kama kamba za korido ile, na Kaza aliona, mchana kweupe, macho makavu, mikeka midogo tupu nyuma ya mbavu za mwanawe.

"Achia!"

Kwenye safu nzima ya mabati nyundo zilisimama hewani. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, na nyuma yake mteja mwenye ndevu upande mmoja.

"Nani kasema achia?" kinyozi akauliza.

"Kaza," akajibu mteja.

"Haiwezekani."

"Achia, mwanangu," Kaza akasema tena, sasa kwa kunong'ona. "Achia, achia, nakuomba."

Binti akaachia. Mkanda ukaruka kama nyoka, ukapiga kopo, misumari ikamwagika sakafuni kwa mlio wa mvua. Baba yake alikuwa ameketi chini katikati ya misumari hiyo, anamshika kifundo cha mguu, kana kwamba yeye ndiye anayemwamkia mwanawe shikamoo.

"Wanataka kutulaza," akasema. "Mimi na wewe. Babu yako walimlaza. Sikutaka wakuone."

Akamwaga yote: uteute, kioo, ukuta ulionenepa, na hali ya kurithi. Binti aliketi naye chini. Hasira yake ilikuwa bado haijaondoka, ilikuwa imesogea tu kidogo kuipisha hofu.

"Daktari alisemaje hasa, baba? Neno kwa neno."

"Alisema, 'Tutawalaza.'"

"Alikuwa anawaongelea akina nani?"

Mbali sana, kwenye korido ile ya ndotoni, Kaza akasikia mvua nyembamba ikinyesha tena. "Wavutaji," akasema polepole. "Alikuwa anaongelea... wavutaji."

Mkewe, aliyekuwa amefika na bunda la foronya na kusikia ya kutosha, aliweka mzigo chini. "Kwa hiyo umekimbia hospitali na shati kinyume, ukamfukuza mwanangu kazini, ukaninyima maneno mezani, kwa sababu ya nani hao? Inukeni. Twende wote watatu."

Daktari alipoelezwa, alivua miwani, akainamisha kichwa juu ya meza, na kwa muda mabega yake ndiyo yaliyokuwa yanaongea.

"Nisamehe, mzee. Kosa ni langu. Sikuwa na maana ya kukulaza wewe, wala binti. Ni wale wa ndani ya msuli. Kwenye moyo mzima, wengi wao hujikunja na kulala. Wanaoamka ni wanaohitajika. Wako wamekataa kulala. Wanamaliza nguvu kwa kuvuta pasipo sababu, msuli unanenepa, moyo haulegei. Na moyo hujaa unapolegea. Usipolegea haujai, na usipojaa hauna cha kutoa. Ukivuta kwa nguvu huku umebana pumzi, unaubana zaidi, damu haifiki kichwani."

"Misumari inageuka dagaa," Kaza akasema.

"Wengine huona nyota. Dagaa sijawahi kusikia."

"Na kwa nini wamekataa kulala?" binti akauliza.

"Mwilini kuna maelekezo ya kumtengeneza kila mvutaji. Kila mtu anazo nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba. Kwa mzee, nakala moja ina kosa. Kosa dogo sana. Herufi moja."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, kwa mdomo uliofunikwa kwa kiganja. Binti akafuata. Kaza alikuwa anamkodolea macho daktari.

"Ilitakiwa iwe LAZA," akasema. "Wakaandika KAZA."

"Haikuandikwa Kiswahili, mzee," daktari akasema, "lakini sijawahi kusikia ikielezwa vizuri zaidi."

"Na mimi?" binti akauliza, na kicheko kikakatika kama uzi. "Mimi alinipa nakala ipi?"

Hilo halikuwa na mzaha. Ilikuwa kama kurusha sarafu, daktari akasema, na sarafu ilikwisha kurushwa kabla hajazaliwa. Iliyobaki ni kufungua kiganja. Binti akalazwa ubavu wa kushoto, akapakwa uteute, akatolewa damu. Majibu ya damu yangekwenda mbali na kurudi.

Siku za kungoja zilikuwa na mwanga wa ajabu, kama mwanga wa chini ya maji. Kaza alimeza vidonge vilivyoupunguza mwendo moyo wake ili uwe na muda wa kujaa, na daktari akaahidi kumwombea zile dawa mpya za kuwalaza wavutaji wenyewe. Hakuvuta. Alikaa mlangoni na kutazama watu. Aliona kwamba mbingu inasogea. Mteja akaja kudai kochi la zamani, akapewa siku hiyohiyo, akabaki amesimama na kochi lake barabarani, hajui la kufanya na furaha.

Wakaitwa. Daktari alimwambia binti, si baba.

"Herufi unayo. Ugonjwa huna. Kuta zako ni nyembamba, moyo wako unalegea vizuri. Unaweza kuupata baadaye, na unaweza kuzeeka bila kuupata. Tutakuangalia kila mwaka. Kazi yako sikuzuii, lakini kuvuta huku umebana pumzi, basi."

Kaza aliitazama mikono yake iliyomtengenezea jina. "Nimekupa nakala yangu mbovu."

"Umenipa na mikono," binti akasema. Alikuwa analia kidogo, bila haraka. "Na karakana?"

"Na karakana."

"Sema tena. Mama, umesikia? Kaza ameachia kitu."

Binti aliitengeneza kazi upya. Akachonga ubao mfupi wenye meno, anaunasa mkanda, anauegemeza kwenye fremu, anaushusha kama mtu anayefunga kabati, mkanda unakuja wenyewe. Na kila anapovuta anaimba, kwa sababu mtu anayeimba hawezi kubana pumzi. Sauti yake si nzuri. Kinyozi amelalamika rasmi. Lakini mkanda sasa unavutwa mpaka unaimba naye, na hapo unaachwa.

Kisha Kaza akaipeleka ngazi kwa mwenyewe. Kinyozi aliipokea kwa machozi ya mzaha, na hapohapo akaombwa aiazimishe tena, kwa saa hiyo tu. Binti alipanda na kopo la rangi nyeupe, akaandika L juu ya K. Ilipendeza mpaka mvua ya kwanza. Baada ya hapo ile nyekundu ya zamani ikaanza kupenya chini ya nyeupe, na leo herufi zote mbili zinaonekana, moja mgongoni mwa mwenzake.

"Sasa tusomeje?" kinyozi akauliza.

"Vyovyote," binti akasema. "Zote mbili ni zetu."

Kochi la kwanza alilolimaliza peke yake lilikuwa la kijani. Baba yake alizunguka akilikagua, akatafuta kasoro, akabonyeza, kidole kikazama. Akatikisa kichwa. Akaketi ili apate ushahidi.

Kochi likampokea. Lilimpokea polepole, kama mto unaoingia mahali penye nafasi. Alitaka kusema sponji imepungua. Nusu ya neno ilibaki mdomoni. Jua lilikuwa juu ya mabati, binti alikuwa anaimba vibaya, na kwenye korido ndefu, mmoja mmoja, wafanyakazi wadogo wenye vichwa viwili walikuwa wanashuka kwenye kamba, wanapiga miayo, wanaitafuta mikeka yao. Mto ukaingia bila kujisogeza. Marahaba, wakasema. Marahaba, marahaba.

Mteja mmoja, mama mwenye haraka zake, akachungulia mlangoni. "Fundi Kaza yuko wapi?"

"Amelala," kinyozi akajibu kutoka nje.

Mama akashika kifua. "Amelazwa? Masikini! Hospitali gani?"

Binti akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha kochi la kijani na yule mtu mdomo wazi ndani yake, kifua kikipanda na kushuka.

"Shh, mama," akasema. "Kajilaza mwenyewe."